Mafuta ya Simsim Chini ya Mkanda

Mie ni mwoga. Wenzangu wa wodini hawataki kuamini, kwa sababu mdomo wangu ni mkali na sauti yangu inafika hadi langoni kwa askari. Lakini anayenijua vizuri anajua kwamba nikifoka, kuna kitu kimenitia wasiwasi. Hofu ikinizidi kabisa, ndipo ninaponyamaza. Na siku ninayotaka kuisimulia, nilinyamaza.

Kwetu ni Malindi, ila nimelea watoto wa watu Garissa kwa miaka mingi, hadi nikienda likizo dada zangu wananicheka kwamba nazungumza kama muuza ng'ombe. Ni muuguzi wa watoto wachanga. Wodi yetu ni chumba kirefu chenye madirisha yaliyobandikwa karatasi kuzuia jua, na ndani kuna yale masanduku ya kioo yenye joto, inkubeta, wanamolala njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Wengine hawafiki hata kilo. Ukimtazama mmoja akivuta pumzi unaona mbavu zote, na wewe mwenyewe unajikuta umebana pumzi ukingoja avute nyingine.

Basi tukaletewa mashine ya majaribio. Daktari wetu, kijana wa bara mwembamba, mwenye haraka hata ya kunywa chai, alifurahi siku hiyo akasahau kula. Mashine yenyewe inafanya hivi: unamzungushia mtoto kifuani vipande vidogo kumi na sita vya kupitishia umeme, viitwavyo elektrodi. Umeme ni hafifu, mtoto hausikii. Kwa kuwa hewa haipitishi umeme kama nyama na damu, mashine inapima tofauti na kuchora mapafu kwenye skrini. Mtoto akivuta pumzi, madoa mawili ya buluu yanapanuka. Akitoa, yananywea. Huna haja ya eksirei, huna haja ya kumbeba kumpeleka popote.

Jambo lote linategemea ngozi. Elektrodi isiposhikana na ngozi, mashine inachora uongo, tena inauchora vizuri, kwa rangi.

Tulianza na elektrodi za kubandika, zenye jeli katikati na gundi pembeni. Zilishika, wallahi zilishika. Tatizo likaja siku ya kuzibandua. Ngozi ya njiti bado haijawa ngozi, ni kama ule utando wa juu ya maziwa yaliyochemshwa. Nilibandua ya kwanza polepole na maji ya uvuguvugu, nikabandua ya pili, na ya tatu ikaja na ngozi. Palibaki pekundu, ukubwa wa sarafu, panatoa majimaji. Yule mtoto wala hakulia. Alifungua mdomo tu, sauti haikutoka. Nilimwambia daktari kwamba mie zile tena sibandiki, na kama anazitaka abandike mwenyewe na abandue mwenyewe.

Tukajaribu vikombe vidogo vya chuma, vinavyokandamizwa kwa utepe. Vikaacha vishimo. Mwishowe tukabaki na mkanda wa kitambaa, laini, uliofumwa kwa nyuzi za kupitisha umeme. Hauna gundi wala chuma kigumu, unamzunguka mtoto chini ya chuchu na kufungwa pembeni. Niliuchagua mimi. Daktari alisema picha zake si kali kama za elektrodi za kubandika, nikamwambia picha kali na kidonda havinifai.

Mkanda huo ulitaka kitu kimoja tu, unyevu. Ukikauka haupitishi kitu, na Garissa kila kitu kinakauka, hata mate mdomoni. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kupita na bomba la sindano lisilo na sindano, natia maji ya chumvi tone tone chini ya kila elektrodi. Pembeni ya skrini kulikuwa na taa ndogo kumi na sita. Kijani ni salama, nyekundu hakuna mshikamano, manjano maana yake inashika lakini vibaya. Za manjano tulizizoea mapema mno. Huwezi kuzimaliza, ukitia maji hapa pale pamekauka.

Fundi aliyetufundisha alituachia karatasi ukutani: ngozi iwe tupu, bila krimu, bila poda, bila mafuta. Akapanda gari akarudi Nairobi.

Haya, nenda sasa ukawaambie watu wa Garissa mtoto asipakwe mafuta! Mtoto akizaliwa hapa, kabla hajajua kunyonya vizuri amekwisha kukandwa kwa simsim au samli, mikono, miguu, mgongo, kila kiungo kinyooshwe. Mtoto mkavu ni mtoto asiye na watu. Nilisimama chini ya ile karatasi nikawakaripia akina nyanya mmoja mmoja, nikanyang'anya vichupa mlangoni. Waliniogopa kuliko daktari.

Mmoja hakuniogopa. Alikuwa mama mrefu, mkavu, ametoka upande wa Modogashe na binti yake aliyezaa kwa upasuaji kabla ya wakati. Binti alikuwa bado amelazwa wodi nyingine, hawezi kusimama sawasawa, maziwa yake tunaletewa kwenye kikombe. Kabla ya huyu alikuwa amepoteza mimba mbili. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kuliko wote tuliokuwa nao, na ndiye aliyevaa mkanda. Huyo mama mzee alifikia kwa jamaa zake mtaa wa Iftin, na kila asubuhi alikuwa kwenye benchi la mlangoni kabla yangu. Sote tulimwita ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali.

"Sista," ananiambia kila siku, na kichupa kiko ndani ya shuka lake. "Mafuta kidogo tu. Mtoto hii nakauka."

"Ayeeyo, hapana. Mashine haitaki."

"Mashine zaa yeye?"

Nafoka, anacheka, kesho yake anauliza tena. Hakukasirika hata siku moja, na ndicho kilichonimaliza. Ukipigana na mtu asiyekasirika unachoka peke yako.

Asubuhi hiyo mtoto alikuwa ameamka vizuri. Tulikuwa tumempunguzia nguvu za mashine ya kumsaidia kupumua, madoa ya buluu yalikuwa mapana pande zote, na mie moyo wangu ulikuwa mwepesi, ndilo kosa lenyewe. Ayeeyo akauliza. Nikasema, "Haya, miguu tu. Miguu peke yake, umenisikia? Nawa mikono kwanza." Akanawa hadi kwenye viwiko. Nikamfungulia dirisha dogo la inkubeta, akatia mikono, na mie nikageuka kumpimia dawa mtoto wa jirani.

Sikukawia. Nilipogeuka nilikuta amemlaza mtoto ubavu, mkono wake unatoka mgongoni, na mkanda umekaa sawasawa mahali pake. Mtoto alikuwa ametulia tuli, mdomo wazi kidogo, anang'aa. "Miguu tu, ayeeyo?" nikauliza. "Miguu," akasema, na macho akayapeleka pembeni. Mkono uliokanda watoto miaka hamsini hauwezi kuishia kwenye goti, nilijua. Nilimfuta mtoto kiuno na mgongo kwa pamba, juu juu, nikatia maji chini ya mkanda. Taa kadhaa za kushoto zikageuka manjano. Nikajiambia, manjano ni manjano tu. Wala sikuandika popote.

Mchana umeme ukakatika. Hilo si jambo geni kwetu, jenereta huchukua muda kidogo halafu inanguruma. Siku hiyo ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena. Tulikimbia na mifuko ya kupumulishia kwa mkono, kila muuguzi na mtoto wake, na mie nilikuwa na huyu wa ayeeyo. Jenereta iliposhika, oksijeni ya kila mtoto ilipanda. Yake ilipanda kidogo, ikasita. Daktari akaja na haraka zake, akatazama skrini ya mkanda, akasimama ghafla.

Doa la kulia lilikuwa linapanuka na kunywea. La kushoto halikuwapo. Palikuwa peusi.

"Pafu limepasuka," akasema. Alikuwa na maana kwamba hewa imevuja nje ya pafu la kushoto, imejikusanya kifuani na inalikandamiza. Njiti aliyepumulishwa kwa mfuko kwa pupa anaweza kupatwa na hilo, na asipotolewa ile hewa haraka anakufa mikononi mwako. Niliwahi kuliona. Akaweka kipimo sikioni kusikiliza, lakini jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya dirisha. "Kushoto nasikia kidogo sana," akasema. Akammulika kifuani kwa tochi, maana penye hewa iliyovuja hung'aa, lakini jua linapenya karatasi za dirishani, akasema labda panang'aa, labda hapang'ai. Eksirei haifanyi kazi kwa jenereta. "Sista, leta sindano. Natoa hewa sasa hivi."

Nikafungua dirisha la inkubeta kumsogezea mtoto, na harufu ya simsim ikanipiga usoni.

Nilijua. Nataka niliseme hili bila kulizungusha: nilijua dakika ile ile. Taa za kushoto zilikuwa manjano zote kwa mstari, pale pale mkono wa ayeeyo ulipopita. Na nilikaa kimya. Daktari alipasua karatasi ya sindano, nikakaa kimya. Alivaa glavu, nikakaa kimya. Alisukuma mkanda chini kidogo, akashika pamba, akamimina spiriti nyingi ubavuni, ikachuruzika, nikaitazama ikichuruzika.

Niliogopa nini? Niliogopa kila kitu kwa pamoja. Kama nitasema ni mafuta, tuanze kumfuta, kumbe pafu kweli limepasuka, basi nitakuwa nimemuua kwa kumpangusa. Nisiposema, sindano itaingia kwenye pafu zima la mtoto asiyefika kilo, na hilo pafu litapasuka kweli. Hayo ni ya mtoto, na ningependa kusema niliwaza hayo tu. Uongo. Niliwaza pia ile karatasi ukutani, na akina nyanya wote niliowanyang'anya vichupa mbele za watu, na jinsi watakavyosema kwamba kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyeruhusu. Niliwaza kazi yangu. Mtoto amelala uchi mbele yangu na mie nawaza aibu yangu! Mungu anisamehe.

Daktari alihesabu mbavu kwa kidole, akashusha sindano.

"Ngoja!"

Nilipiga ukelele. Watoto wawili wakaanza kulia. Mkono wake ukasimama hewani.

"Ana mafuta, Daktari. Chini ya mkanda. Mafuta ya simsim. Nilimruhusu nyanyake asubuhi."

Aliniangalia kama hanielewi. "Wewe?"

"Mimi. Nipe dakika mbili. Sindano ibaki mkononi mwako, oksijeni ikishuka hata kidogo ingiza. Lakini nipe dakika mbili."

Akatazama monita. Oksijeni haikuwa inapanda wala kushuka. "Fanya haraka," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu. Nikaona kumbe naye anaogopa, kijana wa watu.

Niliufungua mkanda, nikachukua shashi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, na maji ya uvuguvugu, nikaanza kufuta. Mafuta na maji, unajua mwenyewe. Yalisogea tu kutoka hapa kwenda pale. Nikafuta kwa nguvu zaidi, ngozi ikaanza kuwa nyekundu, nikaiona tena ile elektrodi ya tatu na kilichokuja nayo, na vidole vikagoma. Nikamwita ayeeyo. Sijui kwa nini nilimwita. Alikuwa kwenye benchi, hajui linaloendelea, ila alipoona sindano mkononi mwa daktari alielewa kila kitu, akaja mbio bila viatu.

Nikamwonyesha. "Mafuta yatoke, ayeeyo. Yote. Sasa hivi."

Alinisukuma mkono. "Hapana sugua," akasema. "Sugua natoa ngozi. Bonyeza." Akanawa haraka, akachukua shashi kavu, akaipasha joto kati ya viganja, akailaza ubavuni kwa mtoto, akaibonyeza kwa kiganja kizima na kuinyanyua. Akaikunja upande mkavu, akalaza tena, akanyanyua. Midomo yake ilikuwa inasoma Qur'ani bila sauti. Shashi ya kwanza ilitoka imelowa mafuta, ya pili kidogo, ya tatu ikatoka kavu. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile.

Nikaufunga mkanda ule ule, sikuwa na mwingine. Nikatia maji ya chumvi tone tone. Taa moja ikawa kijani. Ya pili. Halafu zikafuatana. Kwenye skrini doa la kulia likapanuka, na upande wa kushoto pakatokea kibuluu kidogo, hafifu, nikadhani ni macho yangu. Pumzi iliyofuata kikakua. Iliyofuata kikawa doa zima, sawa na mwenzake.

Daktari aliweka sindano kwenye sinia, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, pale pale. "Sista, nilikuwa naingia," akasema. "Nilikuwa nimeshafika." Ayeeyo alikuwa ameshika kingo za inkubeta kwa mikono miwili, analia waziwazi, na mie nililia naye. Oksijeni ikapanda kidogo kidogo hadi alasiri ikawa mahali pake.

Nilieleza mafuta. Niliandika kitabuni kwamba niliruhusu, nikapewa onyo, nikalistahili. Tukabadilisha utaratibu pia: sasa kila asubuhi mkanda unafunguliwa kabisa, ayeeyo wa mtoto anakaribishwa, anakanda miguu na mikono mbele yetu, tunangoja, tunabonyeza kwa shashi kavu, ndipo mkanda unarudi. Sinyang'anyi mtu kichupa tena. Na habari ikaenea mjini kwamba sista wa Malindi alimzuia daktari na sindano mkononi akaokoa mtoto. Wanawake nisiowajua walinisalimu sokoni.

Kesho yake asubuhi, nilipoufungua mkanda, nilikuta ubavu wa kushoto pana alama, ndefu kama kidole gumba, kahawia, na malengelenge pembeni. Daktari alisema labda mkanda umembana. Nikaitikia. Haukumbana. Spiriti ikimwagika kwenye ngozi ya njiti inaunguza, na anayesimama kando na maji anapaswa kuipangusa papo hapo. Aliyesimama kando nilikuwa mimi. Ile spiriti iliyochuruzika nikiitazama iliingia kwenye mkanda wa kitambaa, mkanda laini niliouchagua mwenyewe, nao ukaikamata na kuilaza juu ya ngozi yake muda wote niliokuwa nimefunga mdomo. Kisha nikamfunga huo huo tena. Ningesema nilipoisikia harufu, chupa ya spiriti isingefunguliwa.

Hilo sikuliandika kitabuni. Hakuna aliyeniuliza nilijua saa ngapi.

Mwaka huu walikuja kliniki. Mtoto anatembea, ana meno, ana hasira za kwangu mimi, alimpiga teke daktari. Mama yake amenenepa, anacheka. Ayeeyo alinikumbatia hadi miwani ikaanguka. Halafu akamvua mtoto gauni kwa ajili ya mizani, na pale ubavuni nikaiona ile alama, imekua naye, imenyooka na kung'aa kwa simsim.

Akanishika kidole akakiweka juu yake. Ngozi ilikuwa nyororo, inateleza.

"Hapa," akasema, akiwageukia akina mama waliokuwa kwenye foleni ili wasikie. "Kila siku mimi napaka mafuta hapa, naombea sista dua. Hapa ndio sista lisema ngoja."

Wakaitikia wote, mashallah, mashallah. Mtoto alinitazama akingoja nikiondoe kidole. Nikakiondoa, nikambeba nikamweka kwenye mizani, nikamsomea mama yake uzito.